Matofali ya Fungu la Tisa

Kila siku saa moja asubuhi, wakati watu wengine walipokuwa wakienda kazini, Baba alikuwa akirudi. Alikuwa mwoka mikate. Alipofungua mlango wa chumba chao kimoja cha kupanga, nyuma ya duka la viatu, harufu ya mkate iliingia kabla yake. Alivua viatu na kuvipanga ukutani, ncha zikitazama mlango. Kisha alimkatia binti yake kichwa cha mkate ambacho bado kilikuwa na joto, akamwambia maneno yale yale ya kila siku:

"Kula, Msimamizi. Saa tisa tuonane kazini."

Msimamizi alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa na Baba siku walipoanza kujenga, na baada ya muda hata walimu wake walilizoea. "Kazini" maana yake ilikuwa kiwanjani kwao, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, jirani na karakana ya seremala. Hapo Baba alikuwa akijenga nyumba ya vyumba viwili kwa mikono yake mwenyewe. Hakusomea ujenzi. Alijifunza kwa kuuliza, kwa kutazama nyumba za wengine, kwa kukosea na kurudia.

Vifaa vyake vilikuwa vichache: sepetu, mwiko, kalibu moja ya chuma ya kufyatulia matofali, na kopo la kuokea mkate alilolifanya kipimo. Kopo moja la saruji, makopo sita ya mchanga. Hakuzidisha wala hakupunguza.

"Saruji na unga ni mtu na mdogo wake," alikuwa akitania huku akichanganya. "Wote wawili hawapendi kuharakishwa."

Kila fungu lilikuwa na matofali sitini. Kabla hayajaganda, Baba alichukua msumari akachora nambari ya fungu kwenye uso wa kila tofali: moja, mbili, tatu, na kuendelea. Mama alipomwuliza sababu, alijibu kwamba hata mikate huandikwa siku iliyookwa, sembuse nyumba ya kulala mtoto.

Kazi ya Msimamizi ilikuwa kumwagilia. Asubuhi Baba alipita kiwanjani akitoka kazini, akamwaga maji mwenyewe. Jioni ilikuwa zamu ya binti yake. Bomba lilikuwa kwa seremala, na kila zamu ilihitaji ndoo kumi na mbili.

"Tofali si nguo, halianikwi likauke," Baba alimweleza siku ya kwanza, akiwa amechutama mbele yake. "Linakomaa kwa maji, siku saba kamili. Ukilinyima maji juma hilo la kwanza, nje litaonekana zuri, lakini ndani litabaki unga. Na ukishalijenga ukutani, huwezi kulirudisha utotoni. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Baba."

Na kwa mafungu manane alimwagilia bila kukosa.

Fungu la tisa lilifyatuliwa mwanzoni mwa likizo. Kesho yake, Baba alitumwa na wenye kiwanda cha mikate kwenda mji mwingine kwa siku nane, kuwafundisha wafanyakazi wapya kutumia tanuri. Mama alikuwa fundi cherehani, na majuma hayo alizama katika kushona sare za shule tangu alfajiri hadi jioni. Kwa hiyo zamu zote mbili, ya asubuhi na ya jioni, ziliangukia kwa Msimamizi.

"Nakuachia watoto wangu sitini," Baba alimwambia akifunga begi. "Wanyweshe."

Siku ya kwanza aliwanywesha. Siku ya pili asubuhi alikutwa kwenye bomba na rafiki yake, Redio. Msichana huyo aliitwa hivyo kwa sababu habari haikulala kwake. Alikuwa na mpira chini ya kwapa.

"We Msimamizi! Utayamwagilia matofali hayo mpaka yaote majani?"

"Yakiota tutachuma mboga," Msimamizi alijibu, na wote wawili wakacheka.

"Twende basi. Mechi ya mpira wa pete ni Jumapili na hatuna mlinzi. Matofali hayana miguu, utayakuta."

Msimamizi aliyatazama. Yalikuwa yamenyooka, magumu, mazuri. Aliligonga moja kwa kidole. Akaweka ndoo chini, akaenda. Alijiambia kwamba jioni angemwaga maji maradufu. Jioni alikuwa amechoka. Kesho yake hakujiambia chochote. Mama alipomwuliza kama amemwagilia, alijibu ndiyo bila kuinua macho, na Mama, akiwa na pini mdomoni na kitambaa mapajani, aliitikia kwa kichwa tu kuonyesha amesikia.

Siku ya nane, saa chache kabla ya Baba kurudi, Msimamizi alikimbia kiwanjani akamwaga ndoo sita. Matofali yaliyokuwa meupe kwa jua yakawa meusi kwa maji. Baba alifika moja kwa moja kutoka safarini, begi begani, akapitisha kiganja juu ya tofali la kwanza.

"Ulimwagilia siku zote?"

"Ndiyo, Baba. Asubuhi na jioni."

Baba alisimama wima kama askari, akampigia saluti.

"Ndiyo maana nikakuita Msimamizi."

Matofali hayo yalijenga sehemu ya juu ya ukuta wa mbele, kuanzia usawa wa madirisha. Yaliyosalia yalipangwa pembeni, karibu na masalio ya fungu la nane.

Miezi miwili baadaye Baba alianza kukohoa. Mwanzoni alisema ni vumbi la unga. Asubuhi moja aliondoka kwenda hospitali akitembea mwenyewe, akaahidi kurudi kesho kutwa. Hakurudi.

Baada ya mazishi, chumba kile kimoja kilionekana kikubwa. Viatu vya kazi vya Baba vilibaki ukutani, ncha zikitazama mlango. Mama hakuviondoa. Alipofagia alivizunguka. Hakuna aliyetamka tena jina la Msimamizi nyumbani. Mama alimwita "mwanangu", naye msichana hakuuliza kwa nini. Kila aliposikia jina hilo shuleni, aligeuza uso.

Kisha mvua zikaja, na ukuta wa mbele ukapata ufa.

Ulianzia kwenye kona ya dirisha, ukapanda kama ngazi, tofali hadi tofali. Mjomba, kaka yake Mama, ambaye alikuwa dereva wa lori, alikuja siku yake ya mapumziko akapiga lipu ukuta mzima ili kuuziba. Baada ya juma moja ufa ulichungulia tena kwenye lipu ile mpya, mahali pale pale.

Mjomba alisimama mbele ya ukuta, mikono kiunoni.

"Dada yangu, tusifichane. Shemeji alikuwa mtu mwema, sijapata kuona. Lakini mwoka mikate ni mwoka mikate. Hapa alijenga keki. Bomoa yote, tuanze upya siku tutakayojaliwa fundi."

Mama alikuwa akifuta vumbi la lipu kwenye fremu ya dirisha kwa ncha ya kitambaa chake, polepole, kama mtu anayemfuta mtoto uso.

Habari ilisambaa. Wapita njia walianza kuiita nyumba ile "nyumba ya mkate". Siku moja, wakati wa mapumziko, Redio naye akayarudia maneno yao bila kufikiri:

"Eti nyumba yenu mvua ikinyesha inalowa kama mkate kwenye chai?"

Watoto wakaangua kicheko. Redio alipouona uso wa rafiki yake, alinyamaza ghafla. "Pole jamani," akasema kwa sauti ndogo. "Mimi nimesikia tu." Lakini Msimamizi alikuwa ameshainuka. Alikwenda kusimama nyuma ya darasa, paji la uso likigusa ukuta. Watu walikuwa wakimcheka baba yake kwa kosa lake yeye, na baba yake hakuwepo kujitetea.

Jioni hiyo Mama alisema, "Sitabomoa kitu nisichokielewa. Nitajifunza kwanza."

Kujifunza kwenyewe hakukuwa rahisi. Walikwenda chuo cha ufundi. Karani, kijana mwenye miwani, aliwaeleza kwa heshima kwamba mafunzo ya ujenzi ni ya miaka miwili na ni ya vijana waliomaliza shule.

"Samahani, mama, wewe una miaka mingapi?"

"Ya kutosha kujenga nyumba," Mama alijibu, wakaondoka.

Walikwenda kwenye duka kubwa la vifaa lililotangaza semina ya bure kwa wanaojenga. Walioneshwa picha ukutani kwa saa nzima, wakagawiwa kofia zenye jina la saruji. Hakuna hata mmoja aliyegusa mchanga. Walimwuliza fundi mmoja aliyekuwa juu ya paa la jirani kama anaweza kumfundisha Mama kushika mwiko. Fundi alicheka hadi akashikilia mbao. "Mama, wewe kapike, mimi nitajenga."

"Kupika najua," Mama alimwambia kutoka chini. "Ndiyo maana sikuja kuuliza kupika."

Walipokuwa wakirudi, seremala wa jirani na kiwanja chao aliwaita. Aliwahi kuwa rafiki wa Baba, na habari za safari zao zilikuwa zimemfikia. Aliingia karakanani akatoka na karatasi yenye alama za vidole vya gundi. Iliandikwa kwa mkono, kwa herufi zilizosimama wima:

"Mafunzo kwa vitendo kwa wanaojijengea nyumba. Jumamosi sita, karakana ya zamani nyuma ya maktaba. Umri wowote. Njoo na nguo za kazi, na tofali moja kutoka kiwanjani kwako."

Mama aliisoma mara mbili. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, Msimamizi aliona mabega ya mama yake yakishuka kama ya mtu aliyetuliwa mzigo.

Ijumaa alitumwa kiwanjani kuchukua tofali hilo. Alisimama mbele ya marundo mawili. Kwenye moja, kila tofali lilikuwa na nambari nane. Kwenye la pili, kila moja lilikuwa na tisa. Alinyoosha mkono kwenye rundo la tisa, akabonyeza ukingo wa tofali kwa kidole gumba. Chembe za mchanga zikamwagika kwenye kiatu chake. Aliurudisha mkono haraka kana kwamba ameungua. Akabeba tofali la fungu la nane.

Mkufunzi alikuwa mwanamke mrefu aliyestaafu kazi ya uashi. Shingoni alivaa uzi wenye kipande cha chuma kilichochongoka, kile ambacho waashi hukining'iniza kupima kama ukuta umesimama wima, na kwa ajili hiyo watu walimwita Mama Timazi. Wanafunzi wake walikuwa saba: mzee mstaafu wa posta, mume na mke waliokuwa wakibishana kuhusu upana wa mlango tangu walipoingia, muuguzi mmoja, vijana wawili ndugu, na Mama. Msimamizi aliruhusiwa kukaa na kusaidia kuchota maji.

"Shikamoo, mwalimu," alisalimia.

"Marahaba, mwanangu. Ndoo ziko pale. Hapa hakuna mtazamaji."

Somo la kwanza lilikuwa matofali. Mama Timazi aliyapanga yote juu ya meza. Alilikwaruza kila moja kwa msumari, kisha akaligonga kwa nyundo ndogo na kulisikiliza. La muuguzi lilichimbika msumari ulipogusa tu.

"Hili lilikunywa maji siku ngapi?"

Muuguzi aliinamisha uso. "Moja. Nilikuwa na zamu hospitali. Sikumwagilia tena."

"Asante kwa kusema," Mama Timazi alimjibu. "Umetuokolea miezi ya kubahatisha. Usilijengee ukuta wa nyumba. Tumia kwenye kingo za bustani." Hakumfokea. Aliandika kitu daftarini, akaenda kwenye tofali linalofuata.

Hilo lilikuwa la Mama, la fungu la nane. Msumari uliteleza juu yake bila kuacha alama. Nyundo ilipoligonga, lililia kama kengele. Mama Timazi aliligonga mara ya pili, kama mtu aliyeupenda wimbo.

"Nani kafyatua hili?"

"Marehemu mume wangu," Mama alisema.

"Alikuwa fundi?"

"Alikuwa mwoka mikate."

"Basi alikuwa fundi," Mama Timazi alisema.

Mama alijifunika uso kwa mikono yote miwili. Mzee wa posta alimsogezea kiti. Tangu Baba aondoke, watu walikuwa wamempa Mama pole nyingi, lakini hakuna aliyempa sifa ya mkono wa mumewe.

Alipotulia, alichora ufa wa ukuta wake ubaoni, ngazi kwa ngazi. Mama Timazi aliutazama kwa muda mrefu.

"Matofali yote ni kama hili?"

"Yote. Kipimo kilikuwa kile kile." Mama alimgeukia binti yake. "Mwanangu ndiye alikuwa akimwagilia."

"Yote ulimwagilia siku saba?" Mama Timazi alimwuliza.

Watu wanane walimtazama. Angeweza kusema hapo. Muuguzi alikuwa amesema, na paa halikumwangukia. Lakini uso wa mama yake ulikuwa bado una unyevu wa machozi, na ulikuwa na fahari.

"Ndiyo," alisema.

Mama Timazi alishusha pumzi. "Kama matofali ni mazima, basi ubaya uko chini. Msingi umetitia. Jumamosi ya nne sote tutakwenda kuufukua upande wa mbele. Nakuambia mapema, mama, usije ukashtuka: huenda tukalazimika kuung'oa pamoja na ukuta wake."

Majuma matatu yaliyofuata, Mama alijifunza kushika mwiko, kusoma pimamaji kuona kama safu imelala sawa, kuchuja mchanga na kuusugua kiganjani ili kujua kama una udongo. Vidole vyake vya ushonaji viliota sugu mpya. Jioni moja, alipokuwa akikata kitambaa cha sare, alisema ghafla, mkasi ukiwa nusu ya njia:

"Miezi mitano baba yako alichimba msingi ule. Akitoka kazini, kabla ya kulala. Kumbe alikuwa anakosea siku zote hizo." Alikata tena kidogo. "Simlaumu. Hakuwa na wa kumfundisha."

Msimamizi alilitazama pambizo la daftari lake. Maandishi yalianza kuelea. Alitaka kusema, mdomo ulifunguka, akasikia sauti yake mwenyewe ikiomba ruhusa ya kwenda kuchota maji, ilhali ndoo zote zilikuwa zimejaa.

Jumamosi ya nne ilipofika, darasa zima lilikuja kiwanjani na masururu na masepetu. Mjomba alikuja pia. Redio alisimama kando ya barabara na watoto wengine. Mama Timazi alifunga kamba kwenye vigingi, akaonesha mahali pa kuchimba. Ilikuwa ni kona ile ambayo Baba aliweka jiwe la kwanza, siku ambayo walikula mkate wakiwa wamekaa chini kwa sababu hakukuwa na pa kukaa pengine.

Mmoja wa wale ndugu wawili alitemea mate viganja vyake, akainua sururu.

"Msichimbe!"

Sauti ilitoka kabla Msimamizi hajaamua. Sururu ilisimama hewani. Alikimbia akasimama kwenye kona, mgongo ukigusa ukuta.

"Msingi ni mzima. Baba hakukosea. Ni mimi." Alinyoosha kidole juu ya dirisha. "Fungu la tisa sikulimwagilia. Nilikwenda kucheza mpira. Siku aliporudi nilimwaga maji ili aone yamelowa, nikamwambia ndiyo. Na lile tofali nililoleta darasani nililichagua. Lilikuwa la fungu la nane."

Mama Timazi alisogea, akamwondoa taratibu ukutani kwa kumshika bega. Alichukua nyundo akagonga lipu ya Mjomba chini ya dirisha. Lipu ilibanduka kwa kipande kikubwa. Ndani yake matofali yalikuwa na nambari nane; msumari uliteleza. Alipanda juu ya ngazi, akabandua lipu juu ya dirisha. Nambari tisa zikaonekana, safu baada ya safu, kwa mwandiko wa Baba. Mama Timazi alisukuma msumari. Uliingia hadi katikati, na unga wa kijivu ukamwagika chini kimya kimya.

"Msingi hatuugusi," alisema. "Ubaya uko kwenye safu tano za juu."

Mjomba alivua kofia. Alikwenda hadi kwenye ukuta, akaweka kiganja chake juu ya nambari nane.

"Shemeji," alisema, "nilikukosea."

Mama alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakupiga kelele. Msimamizi alitamani angepiga kelele.

"Baba yako alijua?"

"Hapana, Mama."

"Kwa hiyo aliondoka akikuamini."

"Ndiyo, Mama."

Mama aliitika kwa kichwa, mara moja. Aliinuka, akaokota mwiko, akaanza kukwangua lipu. Siku nzima walifanya kazi bega kwa bega na hawakuzungumza. Waliporudi nyumbani, Mama alimwandalia chakula, akakaa mwenyewe bila kula, akivitazama viatu vya ukutani. Msimamizi alilia mpaka akalala. Usingizini alihisi mtu akimfunika shuka, lakini hakujua kama ilikuwa ndoto.

Juma lililofuata zile safu tano zilishushwa. Mama alifyatua fungu jipya kwa kalibu ile ile na kopo lile lile la mkate, na kabla matofali hayajaganda alichukua msumari, akachora kumi kwenye kila moja. Hakumwambia mtu nani atamwagilia.

Msimamizi alikwenda mwenyewe. Mara hii hapakuwa na likizo, kwa hiyo aliamka mapema, akabeba ndoo kumi na mbili kabla ya kengele, na kumi na mbili jioni. Siku ya tatu, Redio alimkuta kwenye bomba. Safari hii hakuwa na mpira. Alikuwa na ndoo.

"Mimi ndiye niliyekuita siku ile," alisema.

"Ulinivuta mkono?"

"Hapana."

"Basi chota maji, usiongee."

"Kuongea siwezi kuacha," Redio alisema. "Lakini maji nitachota." Na ndivyo alivyofanya, huku akitangaza njia nzima idadi ya ndoo zilizobaki.

Siku ya nane, Mama Timazi alikuja kupima. Alikwaruza, akagonga, akasikiliza. Tofali lililia kama kengele. Alilirudisha mahali pake, akamwita Msimamizi akae karibu naye na mama yake juu ya mbao za seremala.

"Mwanangu," alianza, "katika kazi hii miaka thelathini na moja, nimeona watu wengi wakiacha kumwagilia. Wamechoka, wameugua, wamekwenda kucheza. Hilo ni kosa linalotengenezeka. Ungemwambia baba yako siku aliporudi, angekasirika jioni moja, akafyatua mengine. Ila ulisema 'ndiyo', na ile 'ndiyo' yako ndiyo iliyojengwa ukutani. Ikapanda juu, ikabebeshwa mzigo, ikapigwa lipu. Darasani ukaongeza nyingine, na tukakaribia kung'oa msingi wa mtu aliyefanya kazi yake sawasawa. Anayetaka kujifunza jambo lolote, ujenzi au masomo, aanze kwa kusema kweli kuhusu alichofanya. Bila hivyo mwalimu hana pa kushika."

"Lakini Baba hawezi kujua kwamba nimesema," Msimamizi alisema. Sauti ilimkatika.

Mama ndiye aliyejibu, akiangalia ukuta.

"Hawezi. Hilo litabaki, mwanangu, na sitakudanganya kwamba litaisha. Wewe utalibeba na mimi nitakusaidia upande wa pili, kama tunavyobeba karai. Lakini kuna moja ulilomfanyia. Watu walikuwa wanasema mume wangu alijenga keki. Sasa wakipita, wananyamaza."

Kesho yake asubuhi, Mama alitoka mapema kabla binti yake hajaamka. Aliporudi alikuwa na mkate mkononi, umefungwa kwa karatasi, bado una joto. Alivua viatu vyake vilivyojaa vumbi la saruji, akavipanga ukutani kando ya vile vya Baba, ncha zikitazama mlango. Kisha akakata kichwa cha mkate, akakiweka kwenye kiganja cha binti yake.

Alisita kidogo, kana kwamba neno alilotaka kulitamka lilikuwa zito.

"Kula, Msimamizi," alisema. "Saa tisa tuonane kazini."